Draiva za Kamera Ziandikwe Dodoma Pia



Mtu akialikwa kuzungumzia programu huria hutarajiwa aeleze faida zake kwa jumla: hazidai ada ya leseni, msimbo wake uko wazi, taifa linaokoa fedha za kigeni. Hayo mmeyasikia tangu mwaka wa kwanza. Leo nataka tushuke chini zaidi, tukitazame kitu kimoja tu: kile kitundu kilicho juu ya kioo cha kompyuta mpakato, yaani kamera, pamoja na programu fupi inayoiwezesha kompyuta kuitumia. Programu hiyo ndiyo draiva. Nitadai mbele yenu kwamba kazi ya kuandika draiva za kamera ni kazi inayotuhusu sisi tunaoishi kwenye uwanda huu wa kati, na kwamba tumeiacha mikononi mwa watu wengine kwa muda mrefu mno.

Nimeichagua kamera kwa sababu Dodoma ya leo inaitegemea. Tangu Serikali ihamie hapa kutoka Dar es Salaam, hakuna wiki ambayo ofisi za Mji wa Serikali wa Mtumba hazifanyi kikao kwa njia ya video na mikoa. Mahakama ya Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 zinazoruhusu mashauri kusikilizwa kwa njia ya mtandao na ushahidi kurekodiwa kielektroniki, na Makao Makuu yake mapya yalizinduliwa hapa hapa Aprili 2025. Maana yake ni kwamba shahidi aliyeko Kondoa au Manyoni anaweza kuhojiwa bila kupanda basi. Hakimu humsikiliza, lakini pia humtazama: anasitasita wapi, macho yanakwenda wapi, anamgeukia nani kabla ya kujibu. Picha ikikatika au uso ukiwa giza tupu, kilichopungua pale ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

Sasa tuingie ndani. Kamera ya USB ikichomekwa, kompyuta haipokei picha papo hapo. Inapokea utambulisho: namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, kisha baiti kadhaa za maelezo kuhusu ukubwa wa picha ambazo kamera inaweza kutoa, miundo yake, na fremu ngapi kwa sekunde. Draiva husoma maelezo hayo, hupatana na kamera, hutenga nafasi kwenye njia ya USB, hupokea vipande vya data, huviunga viwe fremu kamili, kisha huikabidhi fremu hiyo kwa programu ya mkutano kupitia faili liitwalo /dev/video0. Kazi yake ni ile ya mkalimani wa mahakamani, ambaye kupitia kwake shahidi anasema Kigogo na hakimu anasikia Kiswahili: akikosea neno moja, kesi nzima inapinda. Katika Linux, masharti ya mazungumzo kati ya draiva na programu za juu huitwa Video4Linux, na toleo lake la pili, linalotumika hadi leo, liliingia kwenye kiini cha programu endeshi hiyo mwaka 2002.

Miaka hiyo kila kampuni ilitengeneza kamera inayosema lugha yake peke yake. Ndani ya boksi ulikuta diski ya Windows na basi. Mtumiaji wa Linux alikuwa na njia mbili: aiombe kampuni imfunulie siri zake, au azichimbue mwenyewe. Njia zote mbili zina historia, na natamani kila mwanafunzi wa hapa aijue.

Njia ya kwanza ilionekana kwenye kamera za Philips. Mwandishi aliyejiita Nemosoft alisaini mkataba wa usiri na kampuni hiyo, akaandika draiva yenye sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa wazi na iliingia kwenye kiini. Ya pili, iliyofumua picha zilizobanwa, ilifungwa asiweze mtu kuisoma. Mwaka 2004 Greg Kroah-Hartman, msimamizi wa sehemu ya USB, aliondoa ndoano iliyoiwezesha ile sehemu ya siri kujishikiza kwenye kiini. Hoja yake ilikuwa kwamba kiini huria hakiwezi kubeba mlango uliowekwa kwa ajili ya programu isiyosomeka. Nemosoft alikasirika, akataka draiva yake yote iondolewe, na ikaondolewa. Watu wenye kamera nzima, walizozinunua kwa fedha zao, wakabaki bila picha. Baadaye Luc Saillard alichimbua namna picha hizo zilivyobanwa, akaandika upya sehemu iliyokuwa siri, na draiva ikarudi ikiwa huria yote. Mimi naona Kroah-Hartman alikuwa sahihi, ingawa uamuzi wake uliwaumiza watumiaji kwa muda. Kamera inayotegemea siri ya mtu mmoja hufa siku mtu huyo anapochoka.

Njia ya pili ni ya Michel Xhaard, na huyu ndiye ninayependa mumfahamu. Xhaard alikuwa daktari wa tiba huko Ufaransa, wala hakuwa mwajiriwa wa kampuni yoyote ya kompyuta. Kwa muda wake wa ziada aliandika draiva zilizoziwezesha kamera zaidi ya 200 kufanya kazi kwenye Linux. Kazi yake, iliyojulikana kama gspca, ilipangwa upya na Jean-François Moine na kuingia rasmi kwenye kiini mwaka 2008.

Alifanyaje? Kazi hiyo hufanyika kwa kusikiliza. Unaichomeka kamera kwenye Windows yenye draiva ya kampuni, halafu unarekodi kila baiti inayopita kwenye waya. Siku hizi mnaweza kuiendesha Windows ndani ya kompyuta pepe, huku Linux ikirekodi kwa usbmon na ninyi mkisoma kwa Wireshark. Unaongeza mwangaza kidogo, unaona namba moja imebadilika. Unaupunguza, namba ileile inashuka. Unaandika pembeni: rejesta hii ni ya mwangaza. Unabadilisha ukubwa wa picha, mlolongo mrefu wa amri unapita, nawe unautafuta ule uliobadilika. Ukishapata amri za kutosha, unaandika draiva inayotuma amri zilezile kwa mpangilio uleule, na picha inatokea, pengine ya kijani kibichi, pengine imepinduka. Unaendelea. Kuna kompyuta mpakato ambazo kamera yake ilifungwa kiwandani kichwa chini miguu juu, na maktaba ya libv4l, aliyoiandika Hans de Goede, ilibeba orodha ya majina ya kompyuta hizo ili picha igeuzwe kabla haijamfikia mtumiaji.

Hali ilibadilika kiwango cha UVC kilipotoka mwaka 2003. Kilizitaka kamera zote za USB zijieleze kwa lugha moja, ili draiva moja izitoshe zote. Laurent Pinchart aliandika draiva ya Linux ya kiwango hicho, uvcvideo, nayo ikaingia kwenye kiini mwaka 2008. Karibu kila kamera ya USB mnayoiona madukani leo inaendeshwa nayo.

Wengi hudhani hapo kazi iliisha. Haikuisha, kwa sababu kiwango ni karatasi na kamera ni kifaa, na kifaa mara nyingi hakifanyi kilichoandikwa kwenye karatasi. Ndani ya uvcvideo kuna jedwali la kamera zenye vilema, kila moja na namba zake mbili pamoja na alama ya kilema chake. Niwapeni kilema kimoja, tukipige hesabu.

Picha ya pikseli 640 kwa 480 isiyobanwa hutumia baiti 2 kwa kila pikseli, yaani baiti 614,400 kwa fremu moja. Kwa fremu 30 kila sekunde, ni baiti milioni 18.4. USB 2.0 inairuhusu kamera kuchukua baiti zisizozidi 3,072 kila sehemu ya 8,000 ya sekunde, yaani kama milioni 24.6 kwa sekunde. Inatosha. Sasa panda hadi 1280 kwa 720: fremu moja ni baiti 1,843,200, na njia hiyo haiwezi kupitisha hata fremu 14 kwa sekunde. Ndiyo maana kamera nyingi za bei nafuu hutoa fremu 10 tu kwa ukubwa huo, mpaka uchague picha iliyobanwa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba video inarukaruka huenda hana tatizo la intaneti hata kidogo. Programu yake imechagua muundo usiobanwa.

Kilema chenyewe ni hiki. Zipo kamera ambazo hata ukiziomba picha ndogo ya 320 kwa 240, hudai nafasi yote ya njia. USB 2.0 hairuhusu data za aina hii zizidi asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo kamera mbili zinazodai kiwango cha juu hazikai pamoja. Ya kwanza inawaka, ya pili inakataa, na kompyuta inatoa ujumbe kwamba hakuna nafasi kwenye kifaa. Mtumiaji akisoma hivyo anaanza kufuta faili kwenye diski. Dawa ni alama iliyomo kwenye draiva, ambayo huiambia isiamini dai la kamera bali ikokotoe yenyewe nafasi inayohitajika. Unaijaribu kwa kuipakia uvcvideo upya ukiwa umeweka quirks=0x80. Ikifanya kazi, unaongeza mistari michache kwenye jedwali, na mwenye kamera kama hiyo huko Lima au Manila hatahangaika tena.

Nakuja sasa kwenye mambo matatu yaliyonifanya nikubali kusimama hapa. La kwanza ni taa zetu. Umeme wetu ni wa hezi 50, wa Marekani ni wa hezi 60. Taa ya mrija ya kizamani, ile ndefu iliyojaa kwenye ofisi na madarasa yetu, humetameta mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Kamera iliyopangiwa umeme wa hezi 60 hufungua jicho lake kwa vipimo vya sehemu ya 120 ya sekunde, havilingani na mmeto wa taa zetu, na mistari ya giza huanza kutambaa juu ya picha. Nimekaa kwenye ukumbi wa ofisi moja hapa mjini ambako mistari hiyo ilikuwa kero ya kila kikao. Fundi alikuwa amebadilisha waya, akabadilisha kamera, akaulaumu mtandao. Kilichotakiwa ni kuandika v4l2-ctl na kuweka power_line_frequency kuwa 1 badala ya 2. Moja ni hezi 50, mbili ni hezi 60. Mistari ikatoweka tukiwa bado tumeketi.

Mtengenezaji ndiye huchagua namba ya kuanzia, naye humfikiria mteja aliye karibu naye. Zipo hata kamera zilizodai kukubali thamani ambazo hazikuwa nazo, na mwaka 2022 Ricardo Ribalda aliandika viraka vya kuzishughulikia ndani ya uvcvideo. Vilema vya namna hii huonekana upesi zaidi na watu wanaoishi chini ya taa husika. Sisi tunaishi chini yake kila siku.

La pili ni mwanga hafifu. Katika chumba kinachowashwa kwa taa moja ya sola, kamera hurefusha muda wa kufungua jicho ili ipate mwanga wa kutosha, na ikifanya hivyo inapunguza fremu, kutoka 30 hadi 15 au chini ya hapo. Uso unaonekana ukivutika, midomo haiendani na sauti. Kila mtu anasema mtandao wa kijijini mbovu. Kumbe kuna swichi kwenye draiva, exposure_dynamic_framerate, inayoamua kama kamera iruhusiwe kupunguza fremu au la. Kwa shahidi anayehojiwa huenda ni bora picha yenye giza kidogo lakini inayokwenda sawa na maneno yake. Huo ni uamuzi wa kufanywa na mtu anayekijua chumba.

La tatu ni nyuso zetu. Kamera hujipimia mwanga kwa kulenga wastani fulani wa weupe kwenye picha. Kwenye draiva za zamani za familia ya gspca, lengo hilo ni namba iliyoandikwa ndani ya msimbo, mnaweza kuifungua mkaisoma leo usiku. Kwenye kamera za UVC kwa kawaida imo ndani ya kamera yenyewe, na draiva hukupa vishikio vya kuirekebisha. Mkalishe mtu mweusi mbele ya dirisha lililoelekea jua la Dodoma la saa nane mchana: kamera inapima dirisha, inabana mwanga, uso unakuwa kivuli. Hili halikuanza na kompyuta. Filamu za rangi zilipimwa kwa miongo mingi kwa kadi zenye picha za wanawake Wazungu. Na mwaka 2009 video kutoka Marekani ilionyesha kompyuta ya HP ambayo kamera yake ilifuata uso wa mfanyakazi Mzungu kila alikosogea, ikashindwa kumfuata mwenzake mweusi aliyekaa mbele ya kamera ileile. Kampuni ilieleza kwamba programu ilitatizwa na mwanga hafifu. Hata tukikubali maelezo hayo, bado ni lazima tuulize nani aliketi mbele ya kamera hiyo ilipokuwa maabara.

Kuna watakaosema tumechelewa, UVC imeshamaliza. Siyo kweli. Kompyuta mpakato nyingi mpya zenye chipu za Intel hazipitishi kamera kwenye USB tena. Kihisi kimeunganishwa moja kwa moja na kitengo cha kuchakata picha kiitwacho IPU6, na kwa miaka kadhaa mnunuzi wa kompyuta ya bei mbaya aliweka Linux akakuta kamera haipo. Draiva ya msingi ya kitengo hicho iliingia kwenye kiini Julai 2024, toleo la 6.10, na kazi ya kuisindika picha inafanywa na mradi wa libcamera ulioanza mwaka 2018, Pinchart yuleyule akiwa mmoja wa waanzilishi. Upande wa pili kuna kompyuta za mitumba zinazojaza shule zetu. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi kati ya kompyuta hizo hazikidhi masharti ya Windows 11. Programu endeshi huria ndiyo itakayozibakiza kazini, ikiwa kuna mtu wa kuzishughulikia kamera zake.

Je, tunao watu? Nchi hii imewahi kuonyesha inaweza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, naiheshimu sana. Lakini iligusa ngozi ya juu, menyu na vitufe. Tulikwenda hadi pale tukasimama. Leo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina Ndaki ya Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavu. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na sheria ya mwaka 2019, ina kituo chake cha utafiti na ubunifu katika jiji hili. Mifumo ya malipo, ya hospitali na ya maombi ya huduma inaandikwa na vijana wa hapa. Kinachokosekana ni mazoea ya kushuka hadi kwenye kiini, na mazoea hayo hayapatikani kwa semina ya siku mbili.

Wanafunzi, anzeni hivi. Tafuteni kamera yoyote, mbovu kwa maelezo ya mwenyewe. Andikeni lsusb na msome namba zake. Kama inajitambulisha kuwa ya daraja la 0e, ni ya UVC, na kazi yenu ni kutafuta kilema. Kama siyo, tazameni kama namba yake imo kwenye familia ya gspca. Mara nyingi chipu ni ileile na kampuni imebadilisha jina tu, nanyi mnaongeza mstari mmoja. Someni msimbo wa uvcvideo kabla ya kuugusa. Kiraka kikiwa tayari, kipitisheni kwenye programu ya ukaguzi iitwayo checkpatch, kitieni sahihi kwa jina lenu halisi kwenye mstari wa Signed-off-by, kisha kitumeni kwa barua pepe kwa wasimamizi wa sehemu hiyo. Watawajibu kwa ukali. Watauliza mliipima kamera ipi, kwenye toleo gani, na kwa nini mstari ule haukuwekwa pale. Msikate tamaa, warekebishieni, mtume toleo la pili, la tatu. Hakuna chuo kitakachowapa usahihishaji wa kina namna hiyo bila ada.

Wahadhiri wenzangu, tukubali miradi ya namna hii mwaka wa mwisho. Kiraka cha mistari sita kilichokubaliwa kwenye kiini cha Linux, kikiambatana na ripoti ya vipimo, kina uzito kuliko mfumo mwingine wa kusajili wanafunzi ambao hautawashwa tena baada ya siku ya utetezi. Najua fomu zetu za tathmini zinahesabu skrini na majedwali ya hifadhidata. Fomu zibadilishwe.

Nanyi wageni mnaotoka serikalini na mahakamani, nina maombi mawili. Zabuni ya kamera inapopandishwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, iandikwe wazi kwamba kamera ifuate kiwango cha UVC na ijaribiwe kwenye Linux, chini ya taa za hezi 50, mbele ya watu wa hapa, kabla malipo hayajafanyika. Na zile kamera zilizolala stoo kwa sababu diski yake ilipotea au Windows mpya imezikataa, msizifute kwenye daftari la mali bado. Zileteni maabara, mtupe muhula mmoja.